Kwa Mwape, Juu ya Taa ya Motere na Sufuria Yangu

Ruashi, jioni

Mwape, mtoto wa tumbo langu mimi na si la mwingine,

Baba yako anafunga mabegi yako kamba huko barazani, na kila akipita mlangoni ananiuliza kama barua imekwisha. Nimemwambia aniache. Ninaandika Kiswahili cha shule, kile ambacho mwalimu wa darasa la sita alinisifia mbele ya wote, ili ukiiacha barua hii mezani kule Kolwezi mtu akaisoma, ajue umetoka nyumba gani. Ukiona mahali kinageuka kuwa kile chetu cha kila siku, ujue hapo moyo ulipanda.

Sitakuambia habari za sweta, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wa migodini. Kwa hayo utakuwa na Mama Wivine. Ninasikia anajua kila kitu.

Unaona? Nilijiahidi nisianze na yeye. Tayari amekaa ndani ya barua yangu, amekunja miguu. Basi acha nianze naye nimmalize.

Ulipotoka shule ya ufundi nilikuwa nimekwisha kukutengea nafasi kwenye banda langu la chakula. Si banda la aibu, unajua mwenyewe. Wachimbaji wanapita mabanda ya wengine yenye kivuli na viti, wanakuja kusimama juani mbele ya sombe yangu, majani ya muhogo tu. Kutokana na sombe hiyo nilinunua motokari, mimi mwanamke, wakati wanaume wa barabara yetu wanagombea nafasi ya kukaa nyuma ya pikipiki. Nikasema, Mwape atapika, mimi nitaendesha, tutapeleka chakula mpaka kwenye geti la mgodi. Wewe ukaniangalia usoni ukasema, "Mama, miye minapenda motere." Motere, injini za motokari! Ukaenda mtaa wa Hewa Bora, kwenye garaji ya mwanamke anayevaa suruali ya buluu yenye mafuta na kuweka kalamu ndani ya nywele.

Sikukukataza. Nilisema utachoka. Hukuchoka. Ulirudi kila jioni na grisi chini ya kucha, na mdomoni "Mama Wivine anasema". Mama Wivine anasema bulon, bolti ile, haikazwi na hasira. Mama Wivine anasema mtu asikilize motere kabla ya kuigusa. Siku moja nimeweka karai motoni, nakaanga mihogo, ukachungulia ukasema, "Mama Wivine anasemaka mafuta inachoka, ata ile ya kukaangia." Mimi! Kufundishwa mafuta na mtu wa garaji! Nilikupa kijiko nikakwambia umpelekee akaange yeye. Ulicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Nikaanza kukutumia chakula huko. Watu walidhani ni wema. Nilikuwa nataka aonje, ajue mtoto huyu amelelewa na nini. Nilikupa ile sufuria yangu ndogo ya kifuniko cha buluu, imejaa, bukari, ugali wetu, huku, samaki huku. Jioni ukairudisha imeoshwa vizuri, na ndani hamna kitu. Kesho yake vilevile. Hapa kwetu sufuria ya mtu hairudishwi tupu, unatia hata nyanya mbili, hata kipande cha sabuni, ili mwenzio ajue ulimwona. Nilikuuliza, "Ule mwanamuke hana ata kitunguu?" Ukanijibu, "Mama, ku garaji iko paka bulon tu." Nikasema basi angetia bulon. Tena nilisema kwa ubaya.

Sasa nikukumbushe yule mnunuzi wa madini, mnene mwenye kofia. Wewe hukuwepo, nilikusimulia nusu tu. Alikuja bandani, motokari yake nyeupe imeegeshwa pale, akala, akafuta mdomo, akasema:

"Hii motokari ilikuwa inakufa. Mutoto moja ya Hewa Bora njo alitengeneza. Mutoto mwanamuke!"

Nikavimba kama bukari motoni. Nikasema polepole, "Ule mutefu, iko na alama hapa ku shavu?"

"Njo ule! Mutoto ya Mama Wivine. Iko na mukono ya mama yake kabisa."

"Mutoto ya nani?"

"Ya Mama Wivine."

"Angalia mukono yangu," nikamwambia, nikamwekea mikono yote miwili juu ya meza, katikati ya sahani zake. "Angalia muzuri. Halafu uniambie tena iko na mukono ya nani."

Yule bwana alinyanyuka akasahau kofia. Kofia iko hapa bado, baba yako anavaa akilima mahindi nyuma ya nyumba.

Mwape, mimi jina langu mwenyewe nimekaribia kulisahau. Tangu siku uliyozaliwa mtaa mzima unaniita Mama Mwape. Ulinipa jina hilo kabla hujajua kukaa. Halafu mtu wa kofia anakula sombe yangu na jina hilo anampa mwingine.

Na wakati huohuo taa ikaanza.

Ile taa ya rangi ya chungwa, mbele ya usukani, yenye picha ya motere. Ilikuwa inawaka, motokari inatetemeka kama mtu mwenye homa, siku mbili tatu, halafu inazimika yenyewe, motokari inakimbia kama mpya. Fundi wa kona ya barabara alichomoa waya wa batri, akahesabu pole pole, akarudisha, taa ikazima, akasema imepona. Ikarudi. Fundi wa pili alibandika juu yake kipande cha plastiki nyeusi ili nisiione. Ninaona aibu kusema kwamba nilikaa na plastiki ile muda mrefu, na nilikuwa nasema kwa watu kwamba motokari yangu haina ugonjwa. Mpaka wewe ulipoibandua na ukucha.

Ukaipeleka Hewa Bora. Mama Wivine akaweka skana yake, ikasema silinda ya tatu inakosa moto. Mkabadilisha buji, ile ya kuwasha moto ndani ya silinda. Taa ikarudi. Mkachukua bobini, ile inayoipa buji nguvu, mkaitoa ya tatu mkaiweka kwenye silinda ya pili, na ya pili mkaiweka ya tatu. Ulinieleza hapa mezani na vijiko: ugonjwa ukihamia silinda ya pili, mwenye kosa ni bobini, ukibaki kwenye ya tatu, bobini haina kosa. Nilipenda sana maelezo yale, ila sikukuambia, juu nilijua yametoka kwa nani. Ugonjwa ukabaki kwenye ya tatu.

Mama Wivine akakutuma uniulize, "Inawakaka wakati gani?"

Nilijua. Ilikuwa inawaka siku ya Mungu, asubuhi, nikienda misa, mara nyingi kabla sijafika njiapanda. Kila mara ilikuwa hivyo. Lakini nikaona, kwa nini nimsaidie? Si anajua kila kitu? Nikakujibu, "Ikitaka." Ukauliza tena. Nikasema, "Wakati yote." Ndiyo maana mlikuwa mnaipata motokari kwenye garaji siku ya pili au ya tatu ya juma, imenyamaza, nzima, inawacheka.

Ndipo likaja neno la Kolwezi. Mama Wivine anafungua garaji nyingine kule na anataka uende naye. Alikuja hapa mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha baba yako, hakuvaa suruali siku ile, alivaa kitenge kizuri, na hilo nalo liliniudhi. Alizungumza na baba yako kwa heshima. Baba yako akasema tumsikilize mama wa mtoto. Wote mkaniangalia. Na mimi badala ya kusema sitaki, nikasema kwa majivuno:

"Kama munajua kazi, muzimishe kwanza taa ya motokari yangu. Siku ile itazima kabisa, mutoto ataenda. Kama haizimi, hata mwaka ipite, anabaki."

Baba yako alikohoa. Wewe ulikuwa mlangoni na sinia. Mama Wivine alisema tu, "Sawa, mama."

Tangu hapo, Mwape, taa ile ikawa rafiki yangu. Ikiwaka njiani kwenda misa, moyo wangu unatulia. Wanawake wa parokia wanalia kwa machozi ya kweli mbele ya Bikira, mimi naomba taa isizime. Nilikuona umeacha hata "Mama Wivine anasema". Ulikonda mashavu. Nikasema ni vumbi.

Sasa ile siku ya posho, Jumamosi ile. Jumamosi garaji inajaa, na kwa muda mrefu sikuwa nimekuona nyumbani siku ya posho. Asubuhi nakukuta umekaa kwenye kigoda, nywele hujafunga kitambaa cha kazi. Nikakuuliza, "Haukuende?" Ukasema, "Lelo minabaki na weye." Ah! Nilitaka kuita jirani. Nilikupikia maharagwe na yale mafuta mekundu unayopenda, nikakuwekea kipande kikubwa kuliko cha baba yako. Nilisema moyoni, leo amenichagua mimi, yule mwingine abaki na bulon zake.

Na mchana, kwa furaha ile, nikafanya kazi yangu ya kila Jumamosi. Nikafungua kapo, kile kifuniko cha motere. Nikaleta ndoo, sabuni, na brashi ya masufuria. Unajua vumbi jekundu la barabara yetu, linaingia hata ndani ya chumvi. Motere ya mtu mwingine hapa Ruashi ni kama udongo wa kujengea. Yangu inang'aa. Baada ya misa mimi hufungua kapo pale uwanjani, kana kwamba naangalia maji, ili wanawake wapite waone. Wanapita. Wanaona. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi hupikia ndani yake.

Nikamwaga ndoo ya kwanza. Wewe uliacha kula.

"Mama, uko unafanya nini?"

"Minaosha. Angalia namna inangaa."

"Unafanyaka hivi kila siku ya posho?"

"Kila siku ya posho. Ata mvua ikinyesha. Mama yako haiko muchafu."

Ulisimama, ukaja ukainama karibu yangu, na ukatazama maji yanavyotembea. Hukunizuia hata kidogo. Ulinishikia ndoo ya pili. Nilidhani unanisaidia.

Kesho yake tulikwenda misa pamoja. Kabla ya njiapanda, taa ikawaka, motokari ikatetemeka. Ukasema, "Simamisha, mama." Ukafungua kapo ukiwa na kitenge chako cha misa, ukachomoa kile kifundo cha plastiki kinachoingia kwenye bobini ya silinda ya tatu. Ukanionyesha. Mdomo wake ulikuwa umevunjika pembeni, na mahali pale pana kijishimo, maji yote ya ndoo yanakimbilia humo. Ulitia kidole, ukakitoa na tone la maji linaning'inia. Maji ya sabuni yangu. Ukalipuliza, ukakausha kwa pembe ya kitenge, ukarudisha, ukaniambia niwashe. Motere ikatulia. Taa ilibaki kidogo, halafu siku zilizofuata ikazima.

Ulikuwa unacheka, Mwape. Uso wako wote. Ulisema, "Mama Wivine alisema kweli! Alisema: motokari hii haigonjwake ku garaji, inagonjwaka ku nyumba. Enda ukae na mama yako siku ya posho, umuangalie tu."

Mimi nilisikia neno moja tu kati ya hayo yote. Alikutuma.

Nilikusemesha vibaya pale barabarani, watu wa misa wanapita. Nilisema, basi hukubaki na mimi, ulikuja kunipeleleza kama motere. Nilisema, maharagwe yangu uliyala kwa kazi ya mtu mwingine. Nilikuacha pale na kitenge chenye grisi, nikageuza motokari, misa nikaiacha, nikaenda moja kwa moja Hewa Bora. Hayo ya huko sijakueleza vizuri, na sipendi uyasikie kwake kwanza.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, nyuma ya garaji, anachambua mchele. Sikumsalimia.

"Haukumuzaa!" nikasema.

Akainua macho. "Ni kweli, mama. Sikumuzaa. Karibu, ukae."

"Sikai! Unatuma mutoto yangu anidanganye anasema anabaki na miye!"

"Nilimuambia abaki na weye. Yeye njo alifurahi. Juzi jioni alikuwa anaimba ku garaji, anasema kesho nitakula maharagwe ya mama." Akaweka ungo chini. "Nikuambie kitu, Mama Mwape? Miye nimechoka na weye."

"Na miye?"

"Na weye! Kila siku. Nikipika hapa, mutoto anasema, kwetu mama anatiaka kitunguu mwishoni. Nikiosha sahani, kwetu mama anaosha sufuria mpaka unaona meno yako ndani. Bafundi bangu bote banakujua, na hawajakuona. Siku moja nilinunua sombe ya mutu mwingine, nikamugawia. Alionja, akaweka kijiko chini na adabu, akasema amekwisha kushiba. Nilikasirika siku muzima. Mutoto ninamufundisha miaka na miaka, na ku kinywa yake iko paka mama, mama."

Nilikaa.

Mwape, nisikudanganye, wivu haukuisha pale. Ulibadilika tu kiti. Nilimwangalia mwanamke yule mwenye kalamu ndani ya nywele, nikaona anaumwa na ugonjwa wangu uleule, na nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Akaingia ndani, akatoka na sufuria yangu ya kifuniko cha buluu, ilikuwa imebaki kwake tangu juma lililopita. Akasema, "Mutoto alinieleza juu ya sufuria. Kwetu hatufanyake vile, sikujua." Nikafungua kifuniko. Ndani alikuwa ametia kifundo kipya cha plastiki, kama kile cha bobini, kizima, chenye mpira wake wa kuzuia maji. Alikuwa ameshaona kile kilichovunjika, akatafuta hiki kabla yetu sisi wote, alikuwa anangoja tu wewe uone mwenyewe kwa macho yako maji yanatoka wapi. Ukakifunga jioni ile. Tangu hapo Jumamosi zimepita, siku za Mungu zimepita, taa haijawaka.

Ndiyo maana mabegi yako yako barazani.

Nimekaa nafikiri juu ya mama yangu. Nilipoolewa kutoka Likasi nije huku, shangazi wa baba yako ndiye aliyekuja kunichukua, mwanamke wa maneno matamu, aliyenifunza hii sombe unayoisikia ikisifiwa. Watu walipiga vigelegele uani. Mama yangu alibaki jikoni, amegeuza mgongo, anachambua maharagwe. Niliingia kumuaga. Akasema, "Enda, banakungojea," mkono wake hauachi sinia. Nilikaa miaka nikiamini kwamba hakuniona nikiondoka. Na kila nilipomletea sombe yangu alikuwa anaonja na kusema imezidi chumvi. Haikuwa imezidi chumvi. Nimekuja kujua lelo tu, nikiwa na mgongo wangu mwenyewe unaotaka kugeuka.

Kwa hiyo kesho sitakuwa jikoni. Nitakupeleka kwenye basi mimi, mbele ya wote, na huyo Mama Wivine akae kiti cha nyuma.

Ukiwa kule, wateja watakujia na motokari inayougua ikitaka. Usikasirike na yule atakayekujibu "wakati yote". Mwangalie vizuri. Huenda ana mtu ambaye hataki aondoke. Muulize tena kesho yake, muulize juu ya Jumamosi yake. Na ukiona mimi nimekupigia simu na kukuambia kwamba mambo yote ni mazuri, kwa sauti ya haraka, usiniamini. Njoo ukae kwenye kigoda.

Leo ilikuwa siku ya posho. Nilitoa ndoo, nikaijaza, nikafika nayo mpaka mbele ya motokari. Hakuna aliyekuwa ananiona. Ule mpira ni mpya, lakini wewe mwenyewe uliniambia nisimwage tena maji, nisijaribu bahati. Nilifikiri, ndoo moja tu, kesho taa iwake njiani kwenda kwenye basi, tuone. Nilisimama na ndoo ile mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu nikamwagilia mahindi ya baba yako. Motere ni chafu, Mwape, ina vumbi jekundu mpaka kwenye kifuniko cha mafuta. Kesho usifungue kapo mbele ya watu.

Sufuria kubwa ni yako, mtakula njiani. Ile ndogo ya kifuniko cha buluu ni ya Mama Wivine. Nimeweka kitunguu mwishoni, ajifunze. Mwambie imepikwa na nani, ingawa najua atajua. Na mwambie kwamba amekwisha kuijua desturi yetu, sufuria ile hairudi tupu hapa Ruashi. Asiitume kwa basi, asimpe dereva, asimpe mtu wa njiani. Wewe ndiye utakayeileta mkononi.

Siku hiyo nitakuwa uani, uso mbele.

Mimi, ambaye wewe ulimpa jina,
Mama Mwape